Kombo imewachosha mezani? Namna ya kuamua kadi ipi ibanwe

Anayecheza kadi za kawaida Nairobi, zile za kopa na shupaza, tayari anajua maana ya kubana kadi. 2 na 3 zinamwokotesha mwenzako, J inamruka, K inaurudisha mchezo nyuma, lakini kwenye meza nyingi huwezi kumalizia nazo. Ukishasema "niko kadi", lazima ufunge kwa kadi isiyo na makuu, kama 4 au 9. Kadi kali imebaki mchezoni, ila imenyimwa kazi moja. Kundi lenu la Magic au Yu-Gi-Oh!, michezo ya kadi ambapo kila mtu huja na deki (rundo la kadi) aliyoipanga mwenyewe, likianza kulalamikia kombo, yaani kadi mbili au zaidi zinazomaliza mchezo zikikutana, anzeni na swali hilohilo: kadi hii inaharibu nini hasa, na ni kitu gani kidogo kabisa mnachoweza kuinyima?

Haya yote ni ya meza yenu wenyewe. Kwenye shindano rasmi, orodha ya mchapishaji ndiyo sheria, na mjadala unaishia hapo.

Andikeni kabla ya kubishana

Daftari la shilingi chache linatosha. Kwa kila mchezo andikeni nani alianza, mshindi alishinda zamu ya ngapi, kama kombo ilikamilika, na kama mpinzani alikuwa na jibu mkononi. Ongezeni dakika. Kuna kombo ambazo hazishindi sana, ila zamu moja inakula robo saa huku mwenzako ametulia kama abiria anayengoja matatu ijae. Hilo ni tatizo la saa, na mara nyingi linatibiwa kwa kuweka muda wa raundi (Magic hutumia dakika 50) bila kugusa kadi yoyote.

Msikimbilie hitimisho. Deki ikishinda 12 kati ya michezo 20, watu watapiga meza, lakini rusha sarafu ya shilingi mara 20: karibu mara moja katika kila majaribio manne, upande wa twiga utatokea mara 12 au zaidi. Ikifika 15 kati ya 20, hapo kuna jambo, kwa kuwa bahati tupu huleta matokeo hayo kama mara 2 tu katika majaribio 100. Na hesabuni michezo ya wachezaji tofauti walioshika deki hiyohiyo. Vinginevyo mtaibana kadi kwa sababu mwenye deki anacheza vizuri kuliko wenzake.

Pasueni kombo vipande

Kombo nyingi zina chanzo, mmaliziaji, na mtafutaji anayetoa kipande kimoja ndani ya deki. Chukueni deki ya kadi 40 na mkono wa kwanza wa kadi 5. Chanzo kina nakala 3, mmaliziaji 3. Uwezekano wa kuvipata vyote viwili mwanzoni ni asilimia 9.8. Ongezeni watafutaji 3 wanaoleta chanzo, unapanda hadi asilimia 17.3. Hao ndio wanaoifanya kombo ionekane iko mkononi kila siku.

Sasa baneni. Mkipunguza chanzo hadi nakala 1 na kuwaacha watafutaji wote, inabaki asilimia 12.5. Mkiacha chanzo na kumpunguza mtafutaji hadi 1, ni asilimia 12.5 vilevile. Lakini mkimpunguza mmaliziaji pekee hadi 1, inashuka hadi asilimia 6.3, chini hata ya kubana chanzo na mtafutaji kwa pamoja, ambako inabaki 6.8. Kwa hiyo baneni upande usio na mtafutaji. Wengi hufanya kinyume: wanabana kadi iliyowaudhi, watafutaji wanaendelea kuileta kama kawaida, na baada ya wiki mbili kelele ziko palepale.

Kuna sharti moja. Kadi mnayobana isiwe na pacha anayefanya kazi yake. Mfano mzuri uko kwenye Modern, mojawapo ya mitindo ya Magic yenye orodha yake ya kadi zinazoruhusiwa. Mchezaji aliweka kiumbe Deceiver Exarch kwa mana 3 (mana ndiyo malipo ya kuchezea kadi) mwishoni mwa zamu ya mpinzani, kisha zamu yake ya nne akambandika Splinter Twin kwa mana 4. Splinter Twin inamwezesha kiumbe kulala (kadi yake inageuzwa ubavu, kuonyesha imeshatumika) ili kutengeneza nakala yake, na nakala hiyo inaweza kushambulia papo hapo. Kila Exarch mpya anapoingia anaweza kumwamsha yule wa kwanza, anayetengeneza mwingine, mpaka jeshi linakosa hesabu. Kumbana Exarch kusingesaidia kitu, kwani Pestermite, kiumbe mwingine anayeweza kuamsha, angechukua nafasi yake bila wasiwasi. Splinter Twin ndiyo iliyopigwa marufuku Januari 2016, na viumbe wote wawili wakaachwa.

Nakala moja au marufuku?

Hapa tuna msimamo. Nakala moja inafaa kombo ambayo tatizo lake ni kutokea mara nyingi mno. Haifai kadi inayomaliza mchezo peke yake ikitua. Kwenye deki ya 40, nakala moja hutokea kwenye mkono wa kwanza mara 1 kati ya 8, na atakayeipata amejishindia bila jasho. Hiyo si dawa, ni bahati nasibu, na heri kuipiga marufuku kabisa. Vintage, mtindo mwingine wa Magic, inaishi na kikomo cha nakala moja kwa sababu inataka kadi za kale ziendelee kuchezwa. Mitindo ya Legacy na Modern hupiga marufuku moja kwa moja. Yu-Gi-Oh! ina ngazi tatu: marufuku, nakala 1, na nakala 2. Vipande vyote vitano vya Exodia, ambavyo ukivishika vyote mkononi umeshinda, vimewekewa nakala moja moja, na kombo hiyo bado inachezeka, ila kwa jasho.

Jaribuni kwa karatasi

Msiagize kadi mbadala kutoka nje kabla ya kujua kama kikomo kinafanya kazi. Chapisheni nakala za majaribio kwenye saiba yoyote: kadi za Magic ni milimita 63 kwa 88, za Yu-Gi-Oh! ni 59 kwa 86, na karatasi ya A4 inabeba tisa. Mwambieni mhudumu achapishe kwa asilimia 100. Akiruhusu kompyuta itoshelezee picha kwenye karatasi, ukubwa utabadilika na kazi itakuwa bure. Ingizeni karatasi mbele ya kadi halisi ndani ya mfuko wa plastiki wa kadi wenye mgongo usioonyesha, na deki nzima ivae mifuko ya aina moja. Mfuko mmoja mpya kati ya 39 iliyochakaa unatambulika hata ukifumba macho.

Chezeni michezo mingine 20, daftari lilelile.

Kuandika sheria yenyewe

Andikeni jina la kadi kama lilivyochapishwa, idadi inayoruhusiwa, na kwamba idadi hiyo inajumuisha deki ya pembeni, yaani kadi za akiba za kubadilishia kati ya michezo. Msipotaja deki ya pembeni, mtu ataweka nakala moja ndani na mbili nje, na atakuwa sahihi. Mwenye deki inayolalamikiwa atoe maoni lakini asihesabu kura. Tangazeni wiki nne kabla ya kuanza, maana kadi nyingi huletwa na anayesafiri, na si haki kumfanya mtu apokee leo kadi iliyobanwa jana. Kama watu wameshatuma ada ya shindano kwa M-Pesa, shindano hilo lichezwe kwa sheria za zamani.

Wekeni pia tarehe ya kuifungua tena, wiki nane zinatosha. Splinter Twin yenyewe ilirudishwa Modern Desemba 2024. Tarehe ikifika, mwenye kutaka kikomo kiendelee ndiye alete daftari.