Kupima maji ya kisima kilicho jirani na dampo

Mvua ikinyesha juu ya dampo kama la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, maji hupenya kwenye taka na kutoka meusi, yamebeba chumvi, amonia na metali. Penye mchanga hushuka upesi hadi maji ya chini ya ardhi.

Chukua sampuli mbili: ya kisima chako, na ya kisima kilicho upande wa juu wa dampo. Bila hiyo ya kulinganisha, chumvi ya asili itakudanganya. Endesha pampu dakika 10 kwanza, la sivyo utapima maji yaliyolala kwenye bomba. Kwa vijidudu, tumia chupa iliyotakaswa na maabara. Usiguse mdomo wake, iweke kwenye barafu, ifike ndani ya saa 24.

Omba vipimo vya kloraidi, amonia, naitreti, risasi (metali yenye sumu) na E. koli (bakteria wa kinyesi). Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, maziwa ya mtoto mchanga yasichanganywe na maji hayo kamwe. Kuchemsha huua vijidudu tu. Naitreti hubaki, tena hukolea maji yanapopungua sufuriani. Pima tena masika yakiisha.