Kubadilisha mita ya masaa kwenye trekta ya volti 12

Mita ya masaa, ile inayohesabu masaa ambayo injini imefanya kazi, ikifa, trekta huendelea kulima kama kawaida, ndiyo maana wengi huipuuza. Lakini trekta nyingi hubadilishiwa oili ya injini kila masaa 250, na bila mita mwenye trekta hubaki kukisia kwa ekari au kutegemea kumbukumbu ya dereva. Injini ya dizeli ni ghali mno kuitunza kwa kukisia.

1. Hakikisha mita ndiyo mbovu. Washa injini, kisha pima kwa multimita (kipimo cha umeme) kwenye nyaya mbili za nyuma ya mita. Ukipata volti kati ya 13.8 na 14.4 na tarakimu hazisogei, mita imekufa. Ukipata sifuri, usinunue kitu bado: kagua fyuzi, waya wa chanya, halafu sehemu hasi inapofungwa kwenye bodi. Kutu ya hapo huwadanganya mafundi wengi.

2. Andika namba iliyogandia. Iandike pamoja na tarehe kwenye daftari la matengenezo, na ukiweza igonge kwenye kibati kando ya mita. Mita mpya inaanzia sifuri. Atakayenunua trekta hiyo kesho ana haki ya kujua jumla halisi.

3. Zima injini, toa funguo, fungua hasi ya betri kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itapiga cheche.

4. Toa ya zamani, pachika mpya. Linganisha tundu la dashibodi kabla ya kununua. Za duara nyingi ni milimita 52. Soma pia volti zilizoandikwa nyuma. Usisahau mpira wa kuzuia maji na vumbi.

5. Unga nyaya. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi mwenye haraka huchukua chanya kwenye swichi ya funguo, basi dereva akiacha funguo imewashwa asikilize redio, mita inahesabu huku injini imelala. Mimi huchukua chanya kwenye tamino ya D+ ya alteneta (mashine inayochaji betri), ile inayokwenda kwenye taa ya chaji. Injini ikiwa imezimwa, hapo hakuna umeme wa maana. Ikiunguruma na alteneta ikichaji, unapata karibu volti 14. Mita hula umeme kidogo sana, haitaisumbua alteneta. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na alteneta. Usisokote nyaya kwa mkono na kuzifunga tepu, mtikisiko wa shamba utazifungua. Bana vichwa vya nyaya kwa koleo lake. Pitisha waya mbali na bomba la moshi.

Swichi ya presha ya oili pia hutumika, ila ile ya kawaida ya taa hukata umeme presha inapopanda. Ukiunganisha mita moja kwa moja kupitia hiyo, itahesabu funguo ikiwa imewashwa na injini imezimwa, na kusimama injini ikiwaka.

6. Jaribu. Rudisha hasi ya betri. Geuza funguo bila kuwasha injini: mita isihesabu. Washa injini, subiri dakika 6. Tarakimu ya mwisho ni sehemu ya kumi ya saa, kwa hiyo lazima isogee mara moja.

Kama ya zamani ilikuwa ya kebo, utaona mpya inakwenda haraka zaidi. Ile ya kebo ilihesabu mizunguko ya injini, kwa hiyo kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma polepole bila kazi, ilichelewa; hii inahesabu muda wenyewe.