Mizani ya biashara Lamu: kuanzia dukani hadi kupigwa mhuri

Mpwa wangu alipoanza kununua kaa kwa wavuvi na kuwauzia wenye hoteli, alinijia na mizani mpya kabisa, akaniuliza, "Mjomba, hii naipigisha wapi mhuri?" Kumbe ni mizani ya jikoni, ya kupimia unga wa keki. Hakuna mkaguzi atakayeigusa. Ikabidi tuanze upya, na nimeona niyaandike tuliyopitia kwa sababu vijana wengi wanaoingia kwenye biashara ya samaki na nafaka hapa kisiwani huanzia palepale.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya. Kwa ufupi: chombo chochote unachopimia bidhaa ya kuuza lazima mkaguzi akihakiki na kukipiga mhuri, na kazi hiyo hurudiwa kila mwaka. Si lazima ukutwe unapima. Kuwa nayo dukani kwa ajili ya biashara, bila mhuri, tayari ni kosa, kwa hivyo ile hadithi ya "hii ni ya akiba tu" haikusaidii kitu. Mawe ya mizani nayo hupigwa mhuri, moja moja. Hata kopo la kupimia maziwa au mafuta limo.

1. Soma kibati kabla hujatoa pesa

Hapa ndipo nitakapokaa kitako, maana ukikosea hapa hatua zote zinazofuata ni bure.

Kila mizani ya biashara ina kibati au karatasi ngumu iliyobandikwa ubavuni au nyuma. Tafuta jina la mtengenezaji, nambari ya mashine, Max, Min, herufi e, na nambari ya Kirumi III ndani ya duara lililobonyea kama yai. Hiyo III ni daraja la usahihi, na ndilo linalotumika kwa biashara ya kawaida ya dukani na sokoni. Kama kibati hakipo, au kimeandikwa kwamba si ya biashara, rudisha hapohapo. Usikubali maneno ya "wote wanatumia hii".

Sasa zile herufi. Max ni uzito wa juu kabisa, na e ni hatua ambayo sheria inaitambua katika usomaji, yaani kiasi kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Mizani ya kilo 30 yenye e ya gramu 10 ina hatua 3,000. Min, yaani uzito wa chini kabisa unaofaa kupimwa, wengi huipuuza, nayo ndiyo inayowaumiza wauza viungo. Kwa daraja la III kwa kawaida ni mara 20 ya e, yaani gramu 200 kwa mizani hiyo. Ukiipimia iliki ya gramu 50 uko chini ya kiwango chake, hata kama kioo kinaonyesha tarakimu nzuri. Mimi nina mizani mbili dukani kwa sababu hiyo: kubwa ya mchele na maharagwe, ndogo ya viungo. Usimsikilize anayekwambia moja inatosha.

Muulize muuzaji pia kama aina hiyo imeidhinishwa na idara ya vipimo hapa nchini, na akuonyeshe karatasi. Mwenye duka la maana hakasiriki akiulizwa. Anayeanza kupandisha sauti, muage.

Kuhusu zile za ndoano, za kuning'iniza: kuna zinazokubaliwa, lakini mimi sizipendi. Springi huchoka, mshale haurudi tena kwenye sifuri, na upepo wa kusi ukivuma pale gatini samaki anabembea nawe unakisia. Vile vijimizani vya kupimia mabegi ya safari ndio usiviguse kabisa. Kwa kaa na samaki nunua ya jukwaa, yenye sahani ya chuma kisichoshika kutu, na kioo cha pili kinachomtazama mteja.

2. Ivushe salama

Vua sahani, kaza skrubu ya kusafiria kama ipo, uipakate wewe mwenyewe ndani ya boti kutoka Mokowe, gati la upande wa bara. Usiiweke juu ya punda.

3. Iweke sawa, kisha ijaribu

Zungusha miguu ya mizani mpaka kipovu kilicho ndani ya kile kioo kidogo cha kuonyesha usawa kikae katikati ya duara. Meza za sokoni hazijanyooka, na kila ukihamisha mizani kipovu nacho huhama. Iwashe na uiache dakika chache, uzime feni, halafu hakikisha inasoma sifuri.

Jaribio ninaloliamini ni la jiwe lenye mhuri. Weka jiwe la kilo moja katikati, kisha kwenye kila pembe ya sahani. Tarakimu zikicheza pembeni, kuna kasoro ndani. Usitumie pakiti ya sukari, kwani ile kilo iliyoandikwa ni ya sukari tupu na pakiti ina uzito wake.

Tofauti ndogo inaruhusiwa. Kwa kanuni za OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, mizani hiyo ya e gramu 10 hupewa nafasi ya gramu 5 juu au chini hadi kilo 5 inapohakikiwa mara ya kwanza, na gramu 10 kutoka hapo hadi kilo 20. Ikiwa kazini nafasi hiyo huwa maradufu.

4. Siku ya mhuri

Kazi hii iligatuliwa kwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, kwa hivyo ulizia ofisi ya biashara ya kaunti, au subiri tangazo la wakaguzi kuja kuweka kituo. Nenda asubuhi, mizani ikiwa safi. Mkaguzi hapimi kitu kilichoganda magamba ya samaki. Ada hupanda kadiri ya uwezo wa mizani. Chukua risiti na cheti, uvitie plastiki uvitundike dukani, maana chumvi ya hewa hii hula karatasi.

Mkaguzi ana haki ya kuingia dukani kukagua na kuondoka na mizani yenye kasoro. Kumzuia ni kosa jingine.

5. Ikiharibika

Ukishakata risasi (kile kipande cha madini laini kinachofungia mizani) au stika ya mhuri, mhuri umekufa. Haijalishi ulifungua kwa nia gani, hata kama ni kumtoa mende tu. Mpelekee fundi mwenye leseni ya kutengeneza mizani, kisha irudi kwa mkaguzi kabla haijauza hata robo kilo. Fundi wa simu, hata awe hodari vipi, hana ruhusa hiyo.

6. Kupima kwenyewe

Mhuri hauzuii kupunja. Unachouza ni uzito wa bidhaa peke yake, kwa hivyo weka kapu tupu kwanza, bonyeza kitufe cha kuondoa uzito wa chombo, ndipo utie samaki. Barafu ibaki nje.

Kaa wana shida yao. Huja wamefungwa kamba, na kamba iliyolowa maji ya mikokoni si nyepesi. Nilimshauri mpwa wangu azipime kamba peke yake, zikiwa zimelowa, na kutoa uzito huo akinunua na akiuza pia. Wavuvi walipoona anatoa pande zote mbili, ubishi ulipungua. Wenye hoteli bado wanalalamika, ila wao hulalamikia bei.