Andika wosia ukiwa mzima, na hizo karatasi za kiwanja zitoe chini ya godoro

Ukitaja wosia nyumbani tu utaulizwa kwani unaumwa? Mi naongea kwa sababu yametukuta. Baba mdogo alifariki ghafla, ana viwanja viwili na bodaboda tatu, karatasi tukazikuta kwenye mfuko wa rambo chini ya godoro, makubaliano ya kuuziana yana mhuri wa serikali ya mtaa ila unyevu umekula palepale penye majina ya mashahidi na aliyeuza nae keshafariki. Bodaboda moja kadi ina jina la mtu hatumjui, hakubadilisha alivyonunua.

Kwahiyo anza na daftari, mwanasheria baadae. Andika kila kitu unachomiliki, kiko wapi, karatasi iko wapi, nani shahidi. Andika unaowadai na wanaokudai, pia vikoba, hisa za saccos, akaunti za benki na laini zenye hela, ila namba ya siri usiiweke humo jamani. Kadi zenye majina ya watu badilisha sasa hivi wakati muuzaji bado anapokea simu.

Alafu wosia wenyewe. Tanzania bara ukifuata sheria ya mila ya 1963 (ile GN 436, yani tangazo la serikali namba 436) wosia wa maandishi unataka mashahidi wanaojua kusoma na kuandika wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama mwenye wosia hajui kusoma na kuandika ni wanne, wawili wawili, na hata wa mdomo ni wanne. Mke aliyepo nyumbani nae ashuhudie. Tumia kalamu ya wino, weka tarehe, sema una akili timamu, saini mbele yao wote wakiwepo kwa pamoja, sio unampelekea mmoja leo mwingine jumapili. Ukimtoa mke, unayemwachia kitu usimfanye shahidi, hapo ndo ndugu wanapoanzia kupinga. Ukitaka kumnyima mtoto andika sababu waziwazi, ukimruka kimya kimya atakuja mahakamani na atasikilizwa. Waislamu mnajua, wasia hauzidi theluthi na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzie waridhie.

Usipoandika? Mahakama itaangalia uliishi vipi, kimila, kiislamu au vingine, ndo ijue sheria gani itumike, na hapa wanaume wenzangu mnisikilize vizuri, sheria ileile ya mila inasema mjane hana sehemu ya urithi kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake, yani atatunzwa na watoto wake basi. Mwanamke mmejenga wote tofali kwa tofali anabaki kusubiri huruma ya watoto! Mi baada ya kujua hilo nilienda kuweka majina mawili kwenye kiwanja kabla hata ya kumaliza wosia.

Kingine watu wanachanganya, jina la mrithi uliloandika benki kwenye ile fomu ya akaunti sio kwamba ndo mwenye hela ukifa, benki itataka barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Na msimamizi sio mmiliki, kazi yake kukusanya, kulipa madeni na kugawa, akimaliza arudishe hesabu mahakamani. Huku kwetu kaka mkubwa akishateuliwa anahamia kabisa kwenye nyumba. Mtaje msimamizi wako kwenye wosia, na muulize kwanza kama anataka, kazi ina safari nyingi ile.

Kuhifadhi, RITA (wakala wa serikali, wale wa vyeti vya kuzaliwa) wanapokea wosia, pia wanasaidia kuandika, au mwachie wakili. Ukiuweka ndani sawa ila watu wawili wasioelewana wajue uko wapi, ili mmoja asiuchane. Ukizaa mwingine au ukiuza kile kiwanja andika mpya, sema ule wa zamani umefutwa, na ule wa zamani ukautafute uuchome.