Kusafiri na bastola yako kwa ndege kutoka Nairobi: soma kwanza ni nani anayeirusha ndege

Ukishanunua tiketi, tafuta maandishi madogo yaliyo chini ya nambari ya ndege. Hapo ndipo huandikwa jina la kampuni inayorusha ndege yenyewe, na si lazima iwe ile iliyokuuzia tiketi. Mimi sikuyasoma. Nilikuwa nakwenda Johannesburg kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Niliiandikia kampuni iliyoniuzia tiketi, ikanijibu kwamba bastola moja na risasi zake zimekubaliwa, nikaichapisha ile barua pepe na kuiweka juu kabisa kwenye faili. Alfajiri ile, dada wa kaunta aliisoma mara mbili, kisha akanigeuzia karatasi na kuweka kidole kwenye jina la kampuni.

"Mzee, hawa wamekukubalia kwenye ndege yao. Leo unapanda yetu."

Nilikuwa na kibali cha kutoa silaha nchini, cheti kilikuwa hai, sanduku lilikuwa na kufuli. Hakuna kilichosaidia. Silaha ikarudi nyumbani na mimi, nikapoteza siku ya kwanza ya mashindano na zaidi ya shilingi elfu thelathini kubadilisha tiketi. Yule dada hakukosea hata kidogo. Silaha na risasi hupakiwa kwa idhini ya kampuni inayorusha ndege, na kampuni moja haiwezi kuitolea nyingine idhini hiyo.

Basi iandikie kampuni inayorusha, na uandike mapema. Mimi sasa najipa wiki mbili kwa hatua hii peke yake. Taja jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, nambari ya ndege na tarehe, aina ya silaha, kaliba (kipenyo cha risasi zake), nambari ya silaha, idadi ya risasi na uzito wake pamoja na maboksi. Taja ndege ya kwenda na ya kurudi, kisha udai jibu linalozitaja zote mbili. Jibu linalosema tu "silaha inaruhusiwa" halitakufaa, kwa sababu mtu wa kaunta anatafuta tarehe ya leo na nambari ya ndege ya leo. Na kama unaweza kulipia zaidi kidogo upate ndege ya moja kwa moja, lipa. Nairobi hadi Johannesburg ni kama saa nne tu. Ukibadilisha ndege katika nchi ya tatu, nchi hiyo nayo inaweza kudai kibali chake hata kama begi lako halitoki uwanjani, na utakuwa umeongeza kampuni ya pili ya kuombwa idhini.

Vibali vyenyewe mnavijua. Cheti cha silaha chini ya Sheria ya Silaha, sura ya 114, na kibali cha kuitoa silaha nchini, ambacho huombwa kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Hakikisha cheti hakiishi muda wake ukiwa safarini, na kwamba karatasi zako zinaonyesha silaha inatoka kwa muda na itarudi. Kwa safari za ndani, kama Mombasa au Kisumu, hiyo ya kutoka nchini haikuhusu, lakini kuitangaza silaha na kupata idhini ya ndege ni lazima vilevile.

Kwa Afrika Kusini kuna fomu ya polisi wao iitwayo SAPS 520. Ijaze kwa wino mweusi na usitie sahihi ukiwa nyumbani. Sahihi unaitia mbele ya afisa wao. Iambatanishe na nakala ya pasipoti, tiketi ya kurudi, uthibitisho kwamba silaha ni yako, na barua ya mwaliko kutoka kwa wenyeji wa mashindano.

Kabla ya kutuma chochote, toa bastola, hakikisha haina risasi, iweke chini ya taa na usome nambari yake kwenye chuma chenyewe. Usiinakili kutoka kwenye karatasi ya zamani. Kwenye bastola yangu kuna herufi B iliyofifia kwa miaka ya kuingia na kutoka kwenye ala, na barua yangu moja ilikuwa imeiandika 8. Niliigundua usiku wa kuamkia safari ya pili, na ikanibidi niombe barua mpya saa tano za usiku. Nashukuru kulikuwa na mtu wa zamu aliyejibu.

Sasa kufunga. Risasi zote zitoke kwenye bastola na kwenye magazini, kile kisanduku kinacholisha risasi. Magazini iliyojaa hufanya wakaguzi waione silaha kama iko tayari, na ndilo kosa ninaloliona sana kwa wenzangu. Bastola iwe kwenye sanduku gumu lenye kufuli, na ufunguo ubaki nawe mfukoni, usiingie kwenye begi linalopakiwa. Risasi ziwe kwenye maboksi yake ya dukani au boksi lenye tundu la kila risasi, zisiwe kwenye mfuko wa plastiki zikigongana. Kampuni nyingine hutaka risasi ziwe kwenye begi tofauti na silaha. Uliza kwenye ileile barua ya idhini.

Ukomo wa kimataifa kwa abiria mmoja ni kilo 5 za risasi, na boksi linahesabiwa ndani ya kilo hizo. Boksi la risasi 50 za milimita 9 lina uzito wa karibu gramu 600 na kitu, kwa hiyo maboksi saba hupita bila wasiwasi, la nane ndilo linakuingiza kwenye ubishi na mizani. Huwezi kuunganisha kilo zako na za mwenzako mkafanya mzigo mmoja wa kilo 10. Baruti ya kumwaga na fataki za kuwashia risasi haziruhusiwi kabisa, wala risasi za kulipuka au za kuwasha moto. Na kama nchi unayokwenda ina kiwango chake, fuata kilicho kidogo zaidi.

Kisha chukua begi lako la mkononi. Ikiwa umewahi kwenda nalo uwanja wa shabaha, usilitumie. Ikiwa huna jingine, lipindue nje ndani, ukung'ute kila mfuko, upitishe vidole kwenye mishono. Usiku uleule wa ile B nilipata ganda moja la risasi limejificha kwenye mshono wa mfuko wa pembeni, dogo kama kifuniko cha kalamu. Lingeonekana kwenye mashine ya kukagua, na hapo faili langu lote la vibali lisingenisaidia, kwa kuwa vibali vinahusu kilichotangazwa.

Uwanja wa Jomo Kenyatta una jambo ambalo miongozo ya nje haikwambii. Kule kwingine unaambiwa utangaze silaha kwenye kaunta ya mizigo. Hapa kwetu ukaguzi huanza kabla hujaliona jengo: abiria wanaweza kuambiwa washuke kwenye gari pale kizuizini, watembee kupita kwenye ukaguzi huku gari likipekuliwa. Halafu mlangoni mwa jengo mizigo hupita tena kwenye mashine. Kwa hiyo unatangaza mara tatu: kizuizini, mlangoni na kaunta. Usingoje mashine iseme kwa niaba yako. Kabla begi halijawekwa kwenye mkanda, mwambie afisa kwa sauti ya kawaida, "Afande, nina silaha yenye leseni ndani ya begi hili, haina risasi, na karatasi ni hizi." Mikono yako iwe kwenye faili, isiguse begi. Usifungue sanduku mpaka uambiwe, na uambiwe wapi pa kulifungulia. Mwambie na dereva wako mapema, asije akajibu "hakuna kitu" akiulizwa kuhusu mizigo iliyo kwenye buti.

Fika uwanjani zikiwa zimebaki saa nne ndege iondoke. Katika safari yangu ya pili, polisi alinipeleka pembeni, akavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, akamulika chemba, pale risasi inapokaa, kwa tochi ya simu, akaingiza ncha ya kidole kuhakikisha. Kisha akasoma nambari herufi moja moja huku mwenzake akifuatisha kwa kalamu kwenye kibali. Walipofika kwenye ile B walisimama wote wawili. Akaigeuza kwenye mwanga, akaisugua kwa kidole gumba, akasema, "Ni B." Risasi wakazihesabu boksi kwa boksi. Ilichukua dakika hamsini. Sikuona sababu ya kulalamika. Nataka kila silaha inayopita pale ikaguliwe hivyohivyo.

Ukitua Johannesburg, usisimame kwenye mkanda wa mizigo ukisubiri sanduku. Silaha hupelekwa ofisi ya polisi iliyo palepale uwanjani, na hapo ndipo unapotia sahihi ile fomu. Kibali watakachokupa kiweke pamoja na pasipoti, kwa sababu bila hicho hutaruhusiwa kuondoka na silaha yako. Na ukirudi Nairobi, pita upande wa kutangaza bidhaa kwa forodha, utaje idadi ya risasi zilizobaki. Zihesabu hotelini kabla ya kufunga, uandike idadi hiyo kwenye nakala ya kibali chako.