Kutupa taka Korea Kusini: kwa mwalimu mgeni wa Kiingereza

Ukishakabidhiwa funguo za chumba, nunua mifuko rasmi ya taka duka la jirani. Bei yake ndiyo ada ya kuzolea taka, na kila wilaya ina mifuko yake.

Mabaki ya chakula yachuje maji, uyatupe peke yake. Hapa ndipo wageni wengi huteleza: mifupa, maganda ya mayai na ya vitunguu hayahesabiwi humo, kwa kuwa mabaki ya chakula husagwa kuwa lishe ya mifugo au mbolea. Mifupa na maganda hayo yatie kwenye mfuko rasmi. Chupa angavu ya plastiki isuuze, ibandue lebo, ikanyage ibonyee, kisha ifunge kizibo.

Siku za kutoa taka muulize mwalimu mwenzako Mkorea. Ukitumia mfuko usio rasmi, faini yaweza kufika won 1,000,000.