Namna ya kuunda pale ale ya nyumbani kwa hopsi za Polandi

Kosa linalorudiwa sana ni hili: mtu anachukua resipi ya pale ale (bia ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya hopsi) ya Kimarekani, anafuta hopsi za Marekani kama Cascade au Citra, anaandika Lubelski ya Polandi, kisha anapika. Hopsi ni maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu. Anachopata ni bia isiyo na harufu ya kutosha. Mara ya pili anaongeza hopsi maradufu, na bia inakuwa na ladha ya majani mabichi. Hopsi za Polandi zina harufu ya kutosha, ila ni ya maua, viungo na mitishamba, na hufunikwa upesi na kimea kitamu au hamira yenye harufu kali. Kwa hiyo resipi ianzie kwenye hopsi, halafu vitu vingine vyote vipangwe kuipisha.

Vipimo vyote hapa ni vya lita 23 za woti iliyopoa mwisho wa kuchemsha. Woti ni yale maji matamu ya kimea kabla hayajachacha. Kati ya hizo, lita 20 hivi zitaingia kwenye pipa la kuchachushia na lita 18 zitafika kwenye chupa. Zinazopotea katikati hunyonywa na hopsi au hubaki kwenye mashapo, na ni lazima uzihesabu tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Chagua hopsi kwa kazi yake

Sehemu kubwa ya hopsi za Polandi hulimwa Lubelskie, mashariki ya nchi, na aina nyingi zimezalishwa na taasisi ya kilimo ya IUNG mjini Puławy. Kwa pale ale, hizi ndizo za kuanzia:

- Lubelski: ni ya ukoo wa Saaz ya Ucheki. Asidi za alfa, yaani zile zinazogeuka uchungu zikichemshwa, ni asilimia 3 hadi 5 tu. Ina farnesini nyingi (moja ya mafuta ya harufu), na harufu yake ni ya maua na viungo laini. Usiitumie kutafuta uchungu. Utahitaji gramu nyingi mno.
- Marynka: alfa asilimia 8 hadi 11 hivi. Uchungu wake ni thabiti, na nyuma yake kuna mitishamba na udongo kidogo.
- Sybilla: alfa asilimia 6 hadi 8. Inafaa katikati, kuunganisha uchungu na harufu.
- Iunga: alfa huvuka asilimia 10, na jina lake linatokana na hiyo IUNG. Itumie badala ya Marynka ukitaka uchungu usio na ladha ya udongo.
- Zula: ni ya kizazi kipya, ina matunda zaidi kuliko hizo za zamani.

Mpangilio wa resipi hii ni Marynka kwa uchungu, Sybilla katikati, Lubelski kwa harufu, na Zula kidogo mwishoni ili bia isikilizwe hata na aliyezoea hopsi za Marekani. Ukiondoa Zula na kuweka Lubelski tupu, bia itasogea upande wa lager. Ni nzuri, lakini ni bia nyingine.

Hatua ya 2: Jaribu hopsi kabla ya kupika

Maelezo ya kwenye pakiti hayatoshi, kwa sababu mavuno hutofautiana mwaka hadi mwaka. Nunua chupa za nusu lita za lager nyepesi isiyo na harufu ya hopsi, moja kwa kila aina unayoijaribu. Zipoze karibu na nyuzi 0. Fungua moja, tia gramu 2 za hopsi za vidonge, na ufunge papo hapo kwa kizibo kipya. Uwe na kizibo mkononi kabla hujatia, kwani povu hupanda ndani ya sekunde mbili na bia isipokuwa baridi sana itamwagika nusu. Iache kwenye friji siku 3 ukiigeuza taratibu mara moja kwa siku, kisha imimine polepole na uonje.

Kipimo hicho ni gramu 4 kwa lita, sawasawa na kile cha hatua ya 8, hivyo unachonusa hapo kiko karibu sana na utakachopata. Kama kuna harufu ya jibini au soksi, hopsi imezeeka. Hakuna namna ya kuitibu. Hifadhi hopsi kwenye pakiti isiyo na hewa ndani ya friza.

Hatua ya 3: Panga uchungu

Densiti ya mwanzo, yaani uzito wa woti ukilinganishwa na maji kabla ya kuchacha, ni 1.048. Lenga IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 32 hivi. Ukipita 40, mitishamba ya Marynka inageuka kuwa ukakasi wa dawa na Lubelski haisikiki tena.

- Dakika 60: Marynka (alfa 9%) gramu 25, karibu IBU 23
- Dakika 10 za mwisho: Sybilla (alfa 7%) gramu 20, karibu IBU 5
- Baada ya kuzima moto, kwa nyuzi 80: Lubelski (alfa 4%) gramu 40 na Sybilla gramu 30, kadiria IBU 3 hadi 5
- Hopsi za baridi (zinazotiwa kwenye bia iliyokwisha kuchacha, bila kuchemshwa): Lubelski gramu 50 na Zula gramu 30

Soma alfa iliyoandikwa kwenye pakiti yako na urekebishe ile ya dakika 60: zidisha 25 kwa 9, gawanya kwa alfa uliyonayo. Marynka ya asilimia 7.5 itahitaji gramu 30. Hopsi za harufu usizirekebishe kwa alfa; zipime kwa gramu.

Hatua ya 4: Kimea

- Kimea cha pale ale: kilo 4.2
- Kimea cha Vienna: kilo 0.5
- Kimea cha ngano: kilo 0.3

Kwa ufanisi wa asilimia 72 (sehemu ya sukari ya kimea unayofanikiwa kuitoa), kilo hizi 5 zinatoa 1.048. Vienna inatoa ladha ya mkate, ngano inashika povu. Kimea cha karameli hakimo kwa makusudi. Hata gramu 250 za karameli ya kati zinaleta utamu wa sukari iliyoungua unaolalia harufu ya maua, na hopsi za Polandi hazina harufu ya ndimu wala balungi ya kutosha kupenya utamu huo kama hopsi za Marekani.

Hatua ya 5: Maji

Unahitaji lita 32: lita 15 za kuloweka na lita 17 za kusuuza. Kama maji yako yana klorini, tia gramu 0.3 za potasiamu metabisulfaiti kwenye lita zote 32. Usipofanya hivyo, bia itanuka plasta ya kidonda.

Kwa maji yaliyochujwa hadi kuwa karibu tupu, tia gramu 5 za jasi (kalsiamu salfeti) na gramu 3 za kalsiamu kloridi, ukizigawa kwa uwiano wa maji ya kuloweka na ya kusuuza. Utapata kalsiamu 62, salfeti 87 na kloridi 45, zote kwa miligramu kwa lita. Usifuate ushauri wa kupandisha salfeti hadi 250 au 300. Salfeti nyingi hukausha bia na kuufanya uchungu uwe mkali, na kwa Marynka ukali huo unabaki nyuma ya ulimi muda mrefu.

Hatua ya 6: Kuloweka na kuchemsha

Pasha lita 15 hadi nyuzi 71, tia kimea, koroga mpaka pasibaki madonge. Joto litulie kwenye nyuzi 65, na likae hapo dakika 60. Baada ya dakika 10 pima pH, iwe 5.3 hadi 5.4. Ikiwa juu, ongeza asidi ya laktiki mililita moja moja ukipima kila mara. Ukilowekea kwa nyuzi 68 au 69 utapata sukari nyingi zisizochacha, na bia itakuwa nzito kwa hopsi hizi.

Rudisha woti ya kwanza juu ya machicha mpaka itoke bila unga, kisha suuza kwa maji ya nyuzi 76, si zaidi. Maji ya moto zaidi yenye pH ya juu hukamua tanini kutoka kwenye maganda. Ukusanye lita 27 za woti ya moto, zenye densiti ya 1.043 ukipima sampuli iliyopoa.

Chemsha dakika 60 bila kifuniko. Kifuniko hurudisha mvuke wenye harufu ya mahindi ya kuchemsha.

Hatua ya 7: Nyuzi 80

Hapa ndipo bia hii inapopatikana au kupotea. Mafuta ya harufu huruka na mvuke dakika chache tu baada ya hopsi kuingia kwenye woti inayochemka, huku asidi za alfa zikiendelea kugeuka uchungu. Gramu 70 za hatua hii, zikikaa dakika 20 kwenye woti inayochemka, zitaongeza zaidi ya IBU 20. Kwa nyuzi 80 zinaongeza chache tu.

Zima moto, tumia koili ya kupozea hadi kipimajoto kisome 80, simamisha maji ya koili, koroga na upime tena, kwa maana juu na chini ya sufuria hutofautiana kwa nyuzi kadhaa. Ndipo utie Lubelski na Sybilla. Funika, koroga polepole kila baada ya dakika 5, na dakika ya 20 endelea kupoza moja kwa moja hadi 18. Sufuria ndogo hupoteza joto yenyewe. Ikishuka hadi 72 hakuna shida. Ikiwa juu ya 85 ndiyo shida.

Acha mashapo yatulie dakika 15, hamishia lita 20 kwenye pipa lililotakaswa na uitikise iingize hewa.

Hatua ya 8: Kuchachusha na hopsi za baridi

Tia gramu 11.5 za hamira ya ale isiyo na harufu kali, kama SafAle US-05. Weka nyuzi 18 hadi 19 ndani ya bia yenyewe. Joto la chumba halitoshi kukuongoza, maana bia inayochacha hujipasha. Hamira za Kiingereza zenye harufu kali za matunda ziache kwa bia nyingine.

Densiti ikifika 1.010 na kusimama, mara nyingi baada ya siku 6 hadi 8, tia Lubelski na Zula za baridi. Fungua pipa kwa muda mfupi iwezekanavyo. Oksijeni huua harufu hizi kabla ya kitu kingine chochote. Siku 3 zinatosha. Zikipita siku 6 au 7 ladha ya majani inaanza kujitokeza, hasa kwa Lubelski, ambayo ina majani mengi kwa mafuta machache.

Usishangae densiti ikishuka tena hadi 1.009 au 1.008. Hopsi hubeba vimeng'enya vinavyovunja sukari ngumu, na hamira inaamka kuzila. Ukipoza au kujaza chupa wakati huo utapata harufu ya siagi, na mbaya zaidi, chupa zinazopasuka. Subiri vipimo vitatu vilivyo sawa kwa siku tatu mfululizo, kisha poza hadi nyuzi 2 kwa siku mbili ili mashapo yashuke.

Hatua ya 9: Chupa

Kwa lita 18, yeyusha gramu 105 za sukari ya mezani kwenye maji kidogo yaliyochemka, changanya bila kurusha matone, jaza chupa. Siku 14 kwa nyuzi 20, kisha friji. Harufu iko kwenye kilele wiki ya tatu hadi ya sita.

Kurekebisha mpiko unaofuata

Badilisha kitu kimoja tu kila mpiko. Harufu ikiwa hafifu lakini safi, ongeza Lubelski ya nyuzi 80 hadi gramu 60 na uache hopsi za baridi zilivyo. Kukiwa na majani mabichi, punguza siku za hopsi za baridi kabla ya kupunguza gramu. Uchungu ukibaki nyuma ya ulimi, weka Iunga mahali pa Marynka kwa hesabu ileile ya alfa, halafu ndipo uguse salfeti.